Mtoto Asiyeitika

"Goodness Mabula!"

Msichana mwenye fulana ya rangi ya chungwa alisimama mlangoni, kishikwambi mkononi, akaangaza macho kwenye mabenchi. Hakuitika mtu. Akaita tena, safari hii akivuta sauti. Akina mama waliotoka Meatu, Itilima, Busega na Maswa, kila mmoja na mtoto wake mwembamba mwenye macho ya manjano, waligeukiana kumtafuta huyo Goodness anayewachelewesha wenzake.

Minza hakugeuka. Alikaa benchi la mbele kabisa, mjukuu wake amesimama kati ya magoti yake, na aliposikia jina hilo aliubana mkono wa mtoto. Hakukuwa na haja ya kumbana. Mtoto alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu, midomo ameikaza, utadhani anaitwa mtu wa kijiji kingine. Alikuwa amefundishwa akafundishika.

"Goodness Mabula, mara ya tatu na ya mwisho! Hayupo?"

"Hayupo huyo, mwite mwingine," alisema mama mmoja wa nyuma aliyetaka foleni isogee.

Msichana akagusa kioo cha kishikwambi, akaita jina lililofuata. Minza akashusha pumzi.

Jina hilo lilikuwa la mtoto huyu huyu hadi mwezi wa sita. Alibatizwa nalo, na ndilo lililoandikwa kwenye kadi yake ya kliniki ya selimundu, ule ugonjwa wa damu unaouma mifupani na uliokuwa umeshamzikia Minza watoto wawili wa tumboni mwake. Kwa miaka miwili mjukuu alikunywa vidonge vyake kila siku, akanenepa kidogo, akaanza shule. Kisha mwezi wa nne kliniki ya Bariadi ikafungwa. Ugonjwa haukufungwa. Serikali ilikuwa imeamua kwamba kazi hiyo ifanywe na shirika, na kati ya siku serikali ilipoachia na siku shirika liliposhika ilipita miezi minne ambayo hakuna aliyeshika chochote. Vidonge viliisha mwezi wa tano, pamba ikiwa bado shambani. Mtoto akalia usiku na mchana, miguu imevimba, mpaka majirani wa pale Lalago wakawa wanapita mbali na mji wa mwanawe, Mabula, ili wasisikie.

Ndipo Minza akaenda kwa Ngeleja, mfumu, mganga wa upande wa Maswa. Ngeleja akatazama, akasema bibi mzaa babu, marehemu Milembe, analitaka jina lake kwa mtoto huyo, na jina la sasa linampalia. Mbuzi akachinjwa, mtoto akavishwa shanga, akaitwa Milembe. Jina la zamani likazikwa. Na kwa kuwa Minza alikuwa mtu wa kufanya jambo likaisha, alichukua ile kadi ya kliniki iliyobeba jina hilo, akaifukia njia panda pamoja na utumbo wa mbuzi. Akamkalisha mjukuu wake chini, akamwambia kwamba anayeitika jina lililozikwa hulifuata lilikokwenda. Baada ya wiki moja mtoto alinyanyuka akaomba uji. Wewe ungeamini nini?

"Mwangaluka, bibi," alisema yule msichana, zamu yao ilipofika. Kifuani palikuwa pameandikwa Nasrin, na chini yake jina la shirika, Kingamwana. Alikuwa mtoto wa mjini pale pale, baba yake ana duka la vitenge karibu na soko. "Huyu mrembo anaitwa nani?"

"Milembe Mabula."

Nasrin akatafuta. Akarudi juu, akashuka chini. "Simwoni. Mabula ninaye mmoja tu, ni yule ambaye hakuja. Naomba kadi yake."

"Kadi haipo."

"Imepotea?"

"Haikupotea, mayo. Haipo."

Nasrin alimtazama, akaamua kutouliza. "Alishawahi kutibiwa hapa?"

"Miaka miwili. Sista Lukresia anamjua. Akimwona tu anajua leo ana damu au hana."

"Sista Lukresia ni wa serikali, bibi. Wamempeleka chumba cha sindano. Huduma hii sasa ni ya shirika." Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni choo kiliko. "Waliohamishwa kutoka kwenye orodha ya hospitali wanapata dawa leo hii. Ambaye hayumo ni mgonjwa mpya. Atatolewa damu, ipelekwe Mwanza, majibu ni kama wiki sita. Halafu ataingia kwenye orodha ya kusubiri, maana mkataba wetu ni wa watoto mia mbili na kumi na wanne, na wameshajaa."

"Wanasubiri nini?"

"Mtu atoke."

"Mtu anatokaje?"

Nasrin akashika ushungi wake, akaurekebisha bila sababu. "Akihama. Au asipoitika kliniki mbili mfululizo, mfumo unamwondoa." Namna ya tatu ya kutoka hakuitaja, na Minza hakuwa na haja ya kutajiwa.

Sista Lukresia aliletwa na kelele, au pengine na mtu aliyemwona bibi amesimama pale mezani bila kuondoka. Alikuja na glovu mkononi. Alipomwona mtoto uso wake ukafunguka, akafungua na mdomo kumwita, na Minza akaruka akainua kiganja mbele yake kama mtu anayezuia ng'ombe asiingie shambani. Lukresia alikuwa Msukuma wa Kisesa. Alitazama shanga zilizokuwa shingoni mwa mtoto, akaelewa, akaufumba mdomo.

"Nasrin, mwanangu, mimi huyu namfahamu," alisema. "Nimemtoboa mimi tangu ana miaka mitano. Amebadilishwa jina tu. Yule uliyemwita akakosekana ndiye huyu."

"Sista, nakuamini. Lakini mfumo haunipi mahali pa kuandika kwamba nakuamini. Unataka kadi, na kama kadi haipo, mtoto wa miaka mitano na zaidi ataje jina lake mwenyewe na mlezi alithibitishe. Waliona watu wanabadilishana watoto kule mikoa mingine."

"Na daftari langu?"

"Si lilichukuliwa likaingizwe kwenye mfumo?"

Lukresia akamshika Minza bega, akamvuta pembeni. "Mama Mabula, liseme tu. Mara moja. Na yeye aitike mara moja. Vidonge viko kwenye kabati lile pale, mimi naviona."

Minza naye aliliona kabati. Lilikuwa la bati, la kijivu, mlango uko wazi nusu. Alimtazama mjukuu wake, akaona miguu iliyonyooka, mashavu yaliyorudi. Mara ya mwisho mtoto huyu alipokuwa na jina lile alikuwa anajisaidia mkekani kwa maumivu. Sasa aliambiwa amrudishie jina hilo kwa hiari yake, mchana kweupe, kwa ajili ya vidonge ambavyo wenyewe waliviacha viishe miezi minne bila hata kutuma salamu.

"Siwezi, sista," alisema. "Nimeshazika wawili."

Walipokuwa wanatoka, kijana wa kujitolea aliyekuwa akigawa juisi za pakiti aliwafuata. Alikuwa na aibu, lakini alikuwa na karatasi pia. "Bibi, samahani. Juisi ni za waliosajiliwa." Mtoto alikuwa ameshakunywa nusu. Minza akampokonya taratibu, akaufuta mrija kwa upindo wa khanga yake, akamrudishia kijana kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi. Kijana akabaki ameishika, hajui aipeleke wapi. Watu wote mabenchini waliangalia, kisha wote kwa pamoja wakaangalia kwingine.

* * *

"Vidonge viko wapi?" Veronica, mama wa mtoto, aliuliza kabla hata hajampokea mama mkwe wake mzigo.

Minza aliketi kwenye kigoda, akavua kandambili, akaanza kujibu kwa kueleza habari za barabara. Veronica alikuwa mkwe mwenye adabu, tangu aolewe hajawahi kumkatiza. Siku hiyo alimkatiza. "Mama, nauliza vidonge."

Basi Minza akaeleza yote. Mabula aliingia kutoka shambani, alikokuwa aking'oa miti ya pamba ili aichome kabla ya msimu mpya, akasimama mlangoni na udongo wake miguuni akasikiliza. Alipomaliza kusikia hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga.

"Kwa hiyo walimwita," alisema.

"Walimwita mara tatu."

"Na mlikuwa mmekaa hapo hapo."

"Tulikuwa hapo."

"Na dawa ilikuwa hapo."

Minza akainamia michembe iliyokuwa kwenye ungo, akaanza kuchambua viazi vilivyokwisha kuchambuliwa. "Wewe mwenyewe ulimchinja mbuzi, Mabula. Mkono wako ndio ulioshika kisu. Na mtoto alinyanyuka, hukuona?"

"Niliona," Mabula alisema. "Na mwezi uliopita usiku alishika tena mgongo, nikaona pia. Nilinyamaza kwa sababu yako."

Hilo Minza hakulijua. Alimtazama Veronica, na Veronica akainamisha kichwa. Walikuwa wamemficha. Walimwachia mama afurahie jina lake huku wao wakimkanda mtoto gizani kwa maji ya moto wakimwomba asilie kwa nguvu. Minza aliona haya, na haya ikamgeukia hasira. "Masamva, wazee waliotangulia, hawachezewi," alisema. "Ukimpa mtu heshima leo, kesho ukamnyang'anya, atakufanya nini?"

Mabula akachukua jembe, akatoka. Walijua anakokwenda. Veronica akamfuata, na baada ya kitambo Minza naye akanyanyuka, maana hakuweza kukaa. Jua lilikuwa linaelekea kuzama na ng'ombe wa watu walikuwa wanarudi, vumbi limejaa njia panda, na wachungaji walipunguza mwendo kumshangaa mtu mzima anayechimba katikati ya njia mkewe akimshikia koti.

Alichimba mpaka magotini. Utumbo ulikuwa umeshakuwa udongo. Kadi ilikuwepo, au tuseme mahali pake palikuwepo. Mchwa walikuwa wameila wakajenga ndani yake, na kilichobaki ni pembe moja ya karatasi ya njano yenye muhuri nusu. Mabula aliiweka kiganjani, akaipuliza, ikasambaratika. Akafukia shimo kwa mguu.

"Alhamisi baada ya ijayo," alisema. "Tutakwenda wote. Ataitika."

* * *

Alhamisi hiyo ilipofika walikuwa stendi ya Lalago tangu alfajiri, wote wanne, wamevaa nguo za kanisani. Gari la Bariadi lilikuwa linapakia viroba. Katika siku kumi na nne zilizopita Mabula alikuwa amejaribu kwa utani, Veronica amejaribu kwa kubembeleza, na kila mara mtoto alikimbilia nyuma ya ghala. Sasa muda wa kubembeleza ulikuwa umekwisha. Mabula akachuchumaa mbele yake.

"Sikiliza, mama yangu. Tukifika, dada atakuuliza jina. Utasema lile la shule. Lile la zamani."

Mtoto akatikisa kichwa.

"Ukisema, unapewa dawa, tunarudi. Hakuna litakalokupata. Haya tujaribu. Goodness!"

Mtoto akapiga yowe, akaziba mdomo wake kwa mikono yote miwili, mmoja juu ya mwingine, kama anayezuia kitu kisitoke. Abiria wakageuka. Konda akacheka, akaona hakuna mwenzake wa kucheka naye, akaacha.

"Goodness! Itika! Nimesema itika!" Mabula alikuwa hajawahi kumpiga mtoto huyu, kila mtu aliogopa kumgusa kwa sababu ya mifupa yake, lakini mkono ulikuwa umeshanyanyuka. Veronica akaudaka. Mtoto akakaa chini kwenye vumbi na gauni lake jeupe, mikono bado mdomoni, machozi yakipita kati ya vidole.

Mabula akasimama, akamgeukia mama yake. "Mwambie wewe."

Minza akafungua fundo la khanga yake, akalifunga tena.

"Sisi hatuamini. Wewe ndiye uliyemwambia atakufa, basi wewe ndiye mwambie hafi. Neno lako moja, mama. Gari linaondoka."

Ni kweli, lilikuwa neno moja. Minza alilitafuta. Alipiga magoti kando ya mjukuu wake, akamfuta pua, akafungua mdomo, na hapo akamwona mwanawe wa pili, yule aliyemzika mwaka wa njaa, amelala mkekani na macho ya manjano vile vile. Alijiuliza, ikiwa Ngeleja alisema kweli, naye akamtamkia mtoto jina hili kwa kinywa chake, nani atakuwa amemuua? Shirika? Serikali? Walimwomba abebe peke yake kitu ambacho ofisi mbili zilishindwa kukipokezana. Aliogopa, na huo ndio ukweli wenyewe. Aliogopa kuliko alivyompenda mtoto kwa dakika ile, na baadaye, kila alipoikumbuka, hakuitafutia jina jingine.

"Mpeni siku chache," alisema hatimaye. "Nitaongea naye nyumbani. Polepole."

Konda akapiga bodi ya gari. Mabula alilitazama likiondoka mpaka lilipopotea nyuma ya mibuyu, kisha akamnyanyua mtoto begani, akatangulia nyumbani bila kumngoja mtu.

* * *

Minza hakuongea naye siku hiyo, wala kesho yake. Kila jioni alisema kesho asubuhi, na kila asubuhi alimwona mtoto anacheza, akaona dhambi kumharibia siku. Ilikuwa Jumatatu, siku kumi na moja baadaye, mtoto alipokuwa amekaa kizingitini anakunywa uji. Kikombe kikamdondoka. Minza akamgombeza kwa kumwaga chakula. Mtoto akainama kukiokota kwa mkono wa kulia, mkono haukwenda. Akautazama mkono wake kwa mshangao, akainua uso kumwonyesha bibi yake, na upande mmoja wa uso ulikuwa umeshuka.

Walifika Bariadi saa tano kwa gari la kukodi lililowachukulia mtamba wao mmoja, waliyemtoa kwa bei ya kutupa pale pale barazani kwa mwenye gari. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alisema ni kiharusi. Veronica akasema kiharusi ni cha wazee. Daktari akasema hata watoto hupata, hasa wenye selimundu, hasa wakikosa vidonge vyao. Alisema hivyo tu bila kumlaumu mtu, akaandika damu ya kuongezewa, akaenda kitanda kingine.

Siku ya tatu Nasrin alikuja wodini na fulana yake ya chungwa. Sista Lukresia ndiye aliyemwita. Mabula alikuwa amekwenda kutafuta mtu wa kuchangia damu, Veronica yuko bombani anafua. Minza alikuwa peke yake kitandani kwa mtoto, akimlisha uji kwa kijiko upande wa mdomo uliokuwa bado unafanya kazi.

Nasrin akasimama kwanza, akamtazama mtoto. Machozi yakamlenga. Kisha akavuta kiti, akafungua kishikwambi chake, kwa kuwa hicho ndicho alichokuja nacho.

"Bibi, nimepata habari nzuri," alisema. "Damu yake imepimwa hapa hapa, kwa vile amelazwa wanaturuhusu tusisubiri Mwanza. Na nafasi imepatikana. Kuna mtoto mmoja hakuitika kliniki mbili, mfumo umemwondoa juzi. Nimemwombea Milembe nafasi hiyo."

Kijiko kikasimama hewani. Minza hakujua kusoma, lakini alijua kuhesabu kliniki mbili.

"Huyo aliyeondolewa anaitwaje?"

Nasrin akashusha macho kwenye kishikwambi. Alikuwa ameshajua, ilionekana usoni mwake. "Bibi, hayo tuyaache."

"Ni huyu. Mnamtoa huyu ili mumwingize huyu." Minza aliweka bakuli chini. Kilichomzuia stendi kilikuwa kimeondoka, hakukiona tena, kilikuwa kidogo mno mbele ya mdomo ule ulioshuka. Akamwinamia mtoto, akaliita jina kwa sauti, wodi nzima isikie. "Goodness! Goodness, ng'wanawane! Itika dada akusikie!"

Mtoto alimtazama. Aliangalia mlangoni, akaangalia dirishani, kama anayepima kitakuja kutokea wapi. Halafu midomo ikajikusanya upande mmoja, ikahangaika, na sauti nzito isiyo yake ikatoka.

"Bee."

"Umesikia?" Minza alimgeukia Nasrin, analia na kucheka. "Ameitika! Kaitika mwenyewe! Andika!"

Nasrin alikuwa amekifunika kishikwambi kwa kiganja. Alitazama nyuma, akaona hakuna mwenzake, akasogea karibu mpaka Minza akasikia harufu ya udi kwenye ushungi wake.

"Bibi, sikiliza. Mimi sijasikia kitu. Aliyeondolewa kumrudisha si kazi yangu, jambo linakwenda mpaka makao makuu, wanauliza kwa nini, wanauliza nani alikosea, miezi mitatu, minne. Milembe namwingiza sasa hivi, kesho anakunywa dawa. Akiwa Goodness sina cha kumpa. Nakuomba. Usilitaje tena jina hilo hapa."

Lukresia alikuwa amefika, amesimama miguuni mwa kitanda. Minza akamtazama amsaidie, na Lukresia, aliyemwomba mwezi ule ule alitaje, akatingisha kichwa polepole.

"Atajaje jina naye hawezi kusema?" Lukresia akauliza.

"Kwa hali hii mlezi atasema kwa niaba yake," Nasrin alisema. "Na ataweka dole gumba sehemu mbili. Hapa, kwamba huyu ni Milembe. Na hapa, kwamba aliyeondolewa familia haimjui alipo. Ni ili wasije wakasema nimeingiza mtoto mara mbili."

Minza akaweka dole gumba. La kwanza lilishika mara moja. La pili kioo kilikataa, kidole kilikuwa na majimaji, ikabidi akifute kwenye khanga na kurudia.

Vidonge vililetwa jioni hiyo hiyo, havikungoja kesho, kwenye kichupa cheupe chenye jina jipya. Veronica alikikumbatia kifuani. Daktari alipopita Mabula alimuuliza kama mkono utarudi, na daktari alisema vidonge vinazuia kiharusi kingine, kilichokwisha kupita havikirudishi. Mazoezi yangesaidia kidogo. Mtu wa mazoezi alikuwepo zamani, sasa ni wa shirika jingine, nalo halijaanza.

Tangu alipoitika, mtoto hakuacha kulia. Hakuwa na sauti ya kulia, machozi tu yalimtoka, na kila mlango wa wodi ulipofunguliwa alishtuka mwili mzima. Veronica alidhani ni maumivu, akaita nesi. Nesi alimgusa hapa na pale akasema hana maumivu. Minza peke yake alijua. Aliwangoja wazazi watoke kwenda kula, akapanda kitandani, akamlaza mjukuu wake kifuani kama alivyomlaza alipokuwa mchanga.

Mtoto akaushika mkono wa bibi yake kwa ule mkono wake mmoja. Alikuwa anataka kuuliza kitu. Alijaribu mara tatu, na mara ya tatu Minza akalisikia neno, au alilijua tu kabla halijafika.

"Lini?"

"Hufi," Minza alisema. "Hufi, mjukuu wangu. Hakuna kitakachokuja kukuchukua. Nilikudanganya. Jina halina kosa lolote, ni mimi niliyekosea, unanisikia? Nilikudanganya."

Mtoto aligeuza uso akamtazama, machozi yakiendelea. Alikuwa na miaka saba, na katika miaka hiyo yote bibi huyu ndiye mtu pekee ambaye hakuwahi kumdanganya, hata sindano alikuwa akimwambia itauma. Alimtazama hivyo kwa muda mrefu, akitafuta usoni mwake ni siku ipi alikuwa akisema kweli, na mlango wa wodi ulipofunguliwa tena alishtuka vile vile.